Kitambaa juu ya hadubini

Barua ya kuomba uhamisho niliiandika mara tatu. Ya kwanza 2012, ya pili 2014, ya tatu 2016. Zote zilianza vilevile: kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, K.K. Mganga Mkuu wa Wilaya, K.K. Mganga Mfawidhi. Sababu niliyoiandika ilikuwa kumfuata mume, na kweli mume alikuwa mjini, lakini hata yeye alijua kuna jambo jingine. Nilikuwa nimeikinai kazi. Ilifika mahali nikisikia jogoo wa jirani alfajiri, moyo unashuka kabla sijafumbua macho.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya cha kijijini, mkoani Dodoma. Nilisoma stashahada miaka mitatu, nikaajiriwa 2009, na tangu hapo sijabadilisha meza. Wadogo zangu wa kazi huniuliza nimewezaje kukaa pale muda wote huu na bado nikaingia asubuhi na uso mkunjufu. Jibu la mdomo huwa fupi, haliwasaidii. Acha nilieleze jinsi mambo yalivyokwenda.

Chuoni, nilichokipenda kuliko vyote ni hadubini. Unatoboa kidole, tone la kwanza unalifuta, la pili unaligusisha kwenye slaidi. Pembeni yake unaweka tone jingine, hilo unalivuta kwa ukingo wa slaidi ya pili mpaka litandae jembamba kama ulimi. Unaacha vikauke. Tone jembamba unaligandisha kwa methanoli, tone nene unaliacha, kisha unamwagia rangi ya Giemsa ya asilimia 10 na kungoja dakika 10 hadi 15. Unasuuza taratibu, unaianika wima kwenye kichanja chake. Ikikauka unadondoshea mafuta na kushusha lenzi ya 100. Ukijumlisha na lenzi ya jicho, kitu unakiona kimekuzwa mara 1,000. Kimelea kichanga cha malaria kinafanana na pete: duara la buluu lenye kito chekundu. Katika aina ya falciparum, ambayo ndiyo tuliyo nayo kwa wingi, vile vya hatua ya mwisho vina umbo la ndizi. Siku niliyoiona ndizi ile kwa jicho langu mwenyewe nililala nikiiwaza.

Hadubini niliyoikuta kituoni ilikuwa ya kioo, ile ambayo haina taa, unategemea mwanga wa dirishani. Asubuhi niliiweka meza ya mashariki, alasiri naihamishia upande wa pili, nikilifuata jua. Siku za mawingu kazi ilikuwa ngumu. Hata hivyo miaka ile miwili ya mwanzo nilikuwa na raha.

Halafu kikaja mRDT, kipimo cha haraka cha malaria. Sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Kipimo hiki kimeokoa watu wengi mno. Zahanati ambazo hazijawahi kuona hadubini leo zinaweza kumpima mtoto na kujua ndani ya dakika 15 hadi 20 kama ana malaria. Kabla yake, homa yoyote ilikuwa malaria, na watu walimezeshwa dawa kwa kukisia. Kwa hiyo nchi ilipata, na wagonjwa wetu walipata. Mimi ndiye niliyepoteza kitu, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Kazi yangu ikawa kutoboa kidole, kuweka damu kwenye kishimo, kudondosha dawa, kungoja. Mstari mmoja, hana. Mistari miwili, anayo. Kwa siku vidole sitini, sabini, msimu wa mvua hata mia. Hadubini nikaishonea kitambaa cha kuifunika vumbi, kitambaa cha maua mekundu kilichobaki kwenye gauni la kipaimara la binti wa dada yangu. Kuna miezi kitambaa kile hakikuondolewa kabisa, isipokuwa kwa vipimo vya makohozi na mara mojamoja mkojo.

Lililonivunja zaidi ni kwamba majibu yangu hayakusomwa. Naandika "hakuna vimelea", fomu inarudi kwa tabibu, baada ya muda namwona mgonjwa yuleyule anapita mbele ya dirisha langu ameshika dawa mseto ya malaria. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya hamsini nilijua kwamba pale kituoni nipo kwa sababu mwongozo unataka niwepo. Mtu anaweza kuvumilia kazi nzito. Kazi ambayo ukiifanya au usipoifanya mwisho ni uleule, hiyo inakula mtu kwa ndani.

Na kwa kuwa ilikuwa inanila, nami nikaanza kuipunja. Hili nalisema kwa uchungu. Utaratibu ni kwamba hutamki slaidi haina malaria mpaka umepitia fildi 100 za tone nene. Fildi ni lile duara moja la mwanga unaloliona kwenye lenzi kabla ya kuisogeza slaidi. Katika slaidi chache zilizokuwa bado zinaletwa nilikuwa naangalia fildi 20, zikizidi 30, naandika hakuna. Nilijiambia hakuna anayesoma. Leo nikifikiria ni wangapi niliowaandikia hivyo, natamani niwapate mmoja mmoja.

Nilijaribu kujitibu. Tulipelekwa semina ya siku moja mjini, mwezeshaji akatuambia tuipende kazi, tutabasamu, tuamke na shukrani. Nilitabasamu siku nne. Nikalima ekari mbili za alizeti, nikawa nafanya kazi huku akili iko shambani, na mvua ilipokata mapema nikabaki na uchovu wa kazi mbili badala ya moja. Nikajaribu kuhesabu baraka zangu kama mama alivyotufundisha: ajira ya kudumu, mshahara unaofika, nyumba ya kituo. Zote ni kweli na namshukuru Mungu. Lakini baraka hizo zilinipa sababu ya kutoiacha kazi, hazikunipa sababu ya kuifanya vizuri.

Mapema 2017, katikati ya mvua, vipimo vya haraka viliisha. Tukaagiza, vikachelewa. Wiki tatu nzima. Foleni ikawa palepale, homa zikawa palepale, na mimi sikuwa na jinsi ila kuondoa kitambaa cha maua.

Siku mbili za mwanzo nilihangaika. Mikono ilikuwa imesahau. Matone yangu yalikuwa manene mno, yakibanduka wakati wa kusuuza. Rangi ilikuwa ya zamani, imetengeneza vijichembe vinavyomdanganya mtu asiye makini akadhani ni vimelea. Nikaichuja. Siku ya tatu nikaanza kuona vizuri. Siku ya tano nilimaliza kazi saa kumi na moja jioni na sikuwa nimetazama saa hata mara moja.

Wiki ya pili akaja mwanamke mmoja mjamzito, miezi saba hivi, ameshikiliwa na mama mkwe wake. Niseme jambo kuhusu dirisha letu. Maabara ilijengwa na kidirisha kidogo ukutani: mgonjwa anapitisha mkono kutoka nje, wewe unatoboa, anautoa. Kwa miaka saba niliwajua watu wa tarafa ile kwa vidole. Siku hiyo yule mama mjamzito hakuweza kusimama, kwa hiyo nikatoka nje nikamchukulia damu pale alipokaa, kwenye ngazi.

"Shikamoo mama," nikamsalimu mkwe wake.

"Marahaba, mwanangu. Tusaidieni. Hii ni mara ya tatu. Homa inamshika siku tatu nne, inaondoka yenyewe, anaamka anatwanga, anapika, tunasema amepona. Wiki haipiti, hiyo imerudi."

"Mlipimwa malaria?"

"Mara mbili hapahapa. Mkasema hana."

Mkasema. Yaani mimi. Mistari ile nilikuwa nimeisoma mimi, na niliisoma sawasawa, maana kipimo kile hutafuta protini ya kimelea cha malaria peke yake. Kitu kingine chochote kikiwemo kwenye damu hakikioni. Ila hakuna aliyekuwa amemuuliza yule mama homa inakwendaje, na dirishani sikuwa na kawaida ya kuuliza lolote zaidi ya jina na umri.

Nilipaka slaidi yake nikaiweka chini ya lenzi. Fildi ya kwanza hakuna. Ya kumi hakuna. Ya ishirini, pale nilipozoea kuishia, hakuna. Nikaendelea, kwa sababu maneno ya yule bibi yalikuwa bado masikioni. Kwenye tone nene chembe nyekundu huwa zimepasuka, kwa hiyo unachoona ni chembe nyeupe zimetapakaa kama mbegu kwenye ungo, na nyuma yake weupe wenye madoa. Fildi ya sitini na kitu, kati ya chembe nyeupe mbili, kulikuwa na uzi.

Nilidhani ni unywele, au nyuzi za pamba ya spiriti. Nikazungusha skrubu ndogo mbele na nyuma. Uzi haukupotea. Ulikuwa na mawimbi, kama uzi uliofumuliwa kutoka kwenye sweta, ule unaobaki na mikunjo ya mafundo. Zambarau hafifu. Nikasogeza slaidi. Fildi iliyofuata, hakuna. Tatu mbele, nyuzi mbili. Nikahamia tone jembamba, nikazikuta zimepita katikati ya chembe nyekundu, ndefu kuliko upana wa chembe yenyewe, nyingine mara mbili, nyingine zaidi. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kitu kile nilikuwa nimekiona mara moja tu maishani, kwenye picha, darasani.

Homa ya papasi.

Nilikimbia. Nasema kweli, mtu mzima mwenye koti jeupe, nilikimbia kukatisha uwanja mpaka chumba cha tabibu nikaingia bila hodi. Yule tabibu, mzee aliyenitangulia kazini miaka mingi, alinitazama kama nimeleta habari za msiba. Nikamwambia. Akasema, "Una uhakika?" Nikasema njoo uone. Akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niajiriwe kwa tabibu kuvuka mlango wa maabara kuja kuangalia kitu nilichokiona mimi. Akainama kwenye lenzi, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema taratibu, "Hizi nilikuwa naziona sana zamani, nikiwa kijana."

Mgonjwa alianzishiwa dawa palepale, antibiotiki ya kawaida tu inayofaa kwa mjamzito. Tabibu akaagiza asiondoke, alazwe. Akanieleza nisilolijua: dozi ya kwanza ikiingia na bakteria wakaanza kufa kwa wingi, homa inaweza kupanda ghafla, mgonjwa anatetemeka, presha inashuka, na kwa mjamzito hiyo ni hatari. Saa chache za mwanzo ni za kumwangalia kwa karibu. Zamu yangu iliisha saa tisa na nusu. Sikuweza kwenda nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la wodi na yule bibi, nikimsaidia sista kuhesabu mapigo. Kabla jua halijazama alitetemeka kweli, kitanda kikawa kinalia. Usiku wa saa mbili akatulia, akaomba uji.

Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa sijawahi kumwona mgonjwa akipona. Nilikuwa naona damu inaingia na karatasi inatoka. Yanayotokea baada ya karatasi yalikuwa ya wengine.

Baada ya hapo nilitaka kujua kila kitu. Papasi wengi mnawajua, hasa sisi tuliokaa kwenye nyumba za tembe: mdudu wa jamii ya kupe, mwenye ngozi laini kama mfuko wa ngozi ya mbuzi, rangi ya udongo. Hagandi mwilini kama kupe wa ng'ombe. Anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku, anauma bila maumivu, ananyonya kwa muda mfupi na kurudi ufani kabla hujaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula na bado akawa hai. Bakteria anayebebwa na papasi anaitwa Borrelia duttonii, na jina hilo lina historia inayonigusa. Joseph Everett Dutton alikuwa daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo; ukampata mwenyewe, akafa nao huko Kasongo Februari 1905. Robert Koch naye, katika miaka hiyohiyo, aliufuatilia hukuhuku kwetu wakati wa Wajerumani, akaonyesha kwamba papasi jike huwarithisha wanawe vijidudu hivyo kupitia mayai. Watu waliinama kwenye hadubini za kioo kama yangu, wakilifuata jua kama mimi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakitafuta uzi uleule. Jambo hili lilinipa heshima ya kazi yangu ambayo hakuna cheti kilichowahi kunipa.

Mganga Mfawidhi aliniruhusu niongozane na afisa afya kwenda kitongoji cha yule mama. "Mbukwenyi," tukasalimu, tukakaribishwa kigoda. Kwenye tembe waliyokuwa wanalala, afisa afya alichokonoa ufa karibu na kitanda kwa kijiti, wakatoka papasi watano wakitembea polepole kwenye mwanga wa tochi. Bibi aliwajua, alidhani ni usumbufu wa kawaida wa nyumba. Tulikaa naye mpaka mchana tukizungumza juu ya kuziba nyufa, kuinua vitanda na kupuliza dawa.

Vipimo vya haraka vilirudi. Foleni ikarudi dirishani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nisipofanya kitu, ndani ya mwezi nitarudi nilikotoka. Furaha ya tukio moja huisha kama posho.

Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuomba vidole viondoke kwangu. mRDT inaweza kufanywa na muuguzi yeyote aliyeelekezwa, palepale mgonjwa anapoonwa. Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi nikamwambia nitawafundisha manesi wote, zamu kwa zamu, na nitakuwa nakagua ubora kila wiki, ila nipewe nafasi ya slaidi za homa zinazojirudia, za wajawazito na za waliozidiwa. Alisita kwa sababu manesi nao walikuwa na mzigo. Tulipatana nusu: asubuhi kwao, alasiri kwangu. Haikuwa rahisi, sista mmoja aliacha kunisalimu kwa mwezi mzima, na alikuwa na haki yake ya kuudhika. Lakini yale masaa mawili ya asubuhi yaliyobaki wazi ndiyo yaliyoniokoa. Ningempa mtu ushauri mmoja tu, ningemwambia atafute ni sehemu gani ya kazi yake inayommeza bila kumhitaji yeye hasa, akaizungumzie mezani na wakubwa na wenzake. Kukaa kimya na kujilazimisha kuipenda hakukunisaidia hata siku moja.

Pili, niliacha kutuma karatasi. Slaidi ngumu, au yenye jambo, napeleka mwenyewe kwa miguu. Mwanzoni yule tabibu mzee alikuwa ananiambia, "Dada, wewe kazi yako kupima," na siku moja alilisema mbele ya wagonjwa, nikarudi maabara nikalia. Nilikaa wiki mbili bila kwenda. Nikarudi tena, safari hii kwa swali: "Mzee, huyu nimemkuta na vimelea 150 kwa chembe nyeupe 200, ni kama 6,000 kwa mikrolita. Ulimwonaje?" Akanieleza alivyomwona. Kesho yake nikauliza jingine. Mtu akiulizwa anachokijua hufunguka. Miezi kadhaa baadaye yeye ndiye aliyekuwa anakuja dirishani: "Huyu homa yake inakuja na kuondoka, niangalizie zile nyuzi zetu." Zetu! Tulikubaliana kwamba wa namna hiyo waletwe mwili ukiwa wa moto, maana homa ikishuka nyuzi hazionekani kwenye damu, unaweza kutafuta fildi mia mbili bure.

Na dawa mseto kwa wasio na malaria? Zilipungua. Hazikuisha, nisiwadanganye. Kila anapoletwa tabibu mpya tunaanza upya. Ila sasa nina mahali pa kuanzia mazungumzo.

Dirisha nililifunga. Niliweka kiti na meza ndogo mlangoni, mgonjwa anakaa, tunasalimiana, ninauliza homa ilianza lini na inakwendaje. Dakika moja tu kwa kila mtu. Watoto bado wanalia wakiniona, hilo halijabadilika.

Kisha kuna sanduku. Ni sanduku la mbao la kutunzia slaidi, lenye nafasi 100, nilikuta limetupwa stoo. Slaidi ambayo ni nzuri kuliko zote za mwezi naiweka humo, bila jina la mgonjwa, nikiandika kwenye daftari kuna nini na fildi gani. Ndizi nne katika fildi moja. Nyuzi za papasi. Mayai ya kichocho yenye mwiba kwenye ncha, kutoka mkojo wa mvulana aliyekuwa anaoga kwenye lambo. Hizi za mayai hazidumu, nimezichora kwa kalamu za rangi. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna fomu ya MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya, inayouliza habari za sanduku langu. Lakini kila Ijumaa saa nane natoa slaidi moja naiangalia kwa ajili ya kuitazama tu, kama mtu anavyofungua albamu ya harusi.

Yapo ambayo hayakubadilika, na ningekuwa mwongo nikiyaficha. Malimbikizo yangu ya kupandishwa daraja yalichukua miaka. Kuna miezi glavu zinahesabiwa. Mume na mimi tumeishi nyumba mbili kwa muda mrefu kuliko tulivyotaka. Nilidai na ninaendelea kudai, kwa barua na kwa chama. Wapo viongozi wanaosikia kwamba mtu anaipenda kazi yake wakadhani hana haja ya kulipwa. Naomba asiwepo wa kuyatumia maneno yangu hivyo. Niliikinai kazi kwa sababu mbili zilizochanganyika, stahiki na maana, na nimejifunza kuzitenganisha. Ya kwanza naipeleka ofisini. Ya pili nilikuwa naweza kuishughulikia kwa mikono yangu mwenyewe tangu mwanzo, sikujua tu pa kushika.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliwahi kuzungumza na wafanya usafi wa hospitali, wakakuta wengine wanaona kazi yao ni kufagia tu, na wengine, kwenye jengo lilelile, wanaiona kuwa sehemu ya kumponya mgonjwa na wameiongezea mambo ambayo hayako kwenye orodha ya majukumu. Waliandika 2001 kwamba mfanyakazi huweza kuichonga kazi yake: majukumu yenyewe, watu anaohusiana nao, na namna anavyoifikiria. Jina Dutton lilinishtua, nikakaa nikicheka peke yangu kwa furaha. Dutton mmoja amenipa uzi, mwingine amenipa jina la nilichokifanya baada ya kuuona.

Yule mama nilimwona tena mwaka uliofuata, mnadani. Alikuwa anauza karanga, mtoto amembeba mgongoni, mnene, amelala na mdomo wazi. Nilisimama mbele yake nikanunua vipimo viwili. Hakunijua. Kwa nini anijue? Siku ile alikuwa na homa kali, na wengi wa wagonjwa wangu wanamkumbuka aliyewapa dawa. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani, akaniambia, akaniongezea karanga za kiganja kwa sababu nilimsifia mwanawe. Nilirudi nyumbani nikizila njiani.

Barua ya nne ya uhamisho sijaiandika. Mume amepata kazi ya karibu, sasa anakuja kila wiki, kwa hiyo hata ile sababu ya karatasini imepungua nguvu. Hadubini tuliyo nayo siku hizi ni ya taa, inatumia umeme wa sola. Ile ya kioo iko pembeni na inafanya kazi vizuri tu.

Mwezi uliopita tuliletewa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti wa miaka ishirini na moja, ana simu mkononi na uso wa mtu aliyepangiwa mahali asipopataka. Siku ya tatu nilimwekea slaidi kutoka kwenye sanduku, namba 14, kwenye ile hadubini ya kioo, nikamwambia atafute mwenyewe mwanga, kisha aniambie anaona nini. Nikaenda zangu kusuuza vyombo. Baada ya muda nikasikia kiti kikisogezwa. Nikachungulia: alikuwa ameibeba hadubini na meza ndogo yake, ameisogeza mpaka ukingoni mwa dirisha, jua linampiga nusu ya uso, simu ameiacha kwenye stuli.

"Mama," akaniita bila kuinua kichwa, "huu ni uchafu au ni kitu?"

Nikamwambia azungushe skrubu ndogo.